Kichwa Chenye Mafuta Mengi: Namna ya Kukiosha kwa Maji na Joto la Mombasa

Wengi wanaolalamika hapa Mombasa kwamba nywele zao zina mafuta mno huwa wamebeba vitu vitatu kichwani kwa pamoja: mafuta yanayotoka kwenye ngozi, mafuta waliyojipaka wenyewe, na utando wa sabuni ulioganda kwa maji ya kisima. Ukigusa kwa kidole vyote hutelezateleza au kunata kwa namna moja, ndiyo maana huchanganywa, lakini kila kimoja kina dawa yake. Kabla ya kununua chupa nyingine ya shampuu, inafaa kwanza kujua ni kipi kati ya hivyo kinachokusumbua.

Tuanze na mafuta ya asili. Kila unywele huota ndani ya kitundu chenye tezi ya mafuta pembeni, na ngozi ya kichwa ina mamia ya tezi hizo katika kila sentimita moja ya mraba. Tezi hizo huamrishwa na homoni, ndiyo sababu mtoto ambaye nywele zake hazikuwa na tatizo lolote huanza kuhangaika nazo anapobaleghe, na mwanamke aliyekoma hedhi kwa kawaida huona zimepungua mafuta. Kwa hiyo ule usemi kwamba ukiosha nywele mara kwa mara unaichokoza ngozi itoe mafuta zaidi, na kwamba mtu avumilie wiki kadhaa bila kuosha ili "azizoeshe", hauna msingi wa kutosha. Tezi haina habari kwamba umeoga. Itatoa mafuta yake vilevile, na kazi yako ni kuyaondoa kwa ratiba inayokufaa.

Umbo la nywele nalo lina neno lake. Mwenye nywele za singa huona mafuta yakishuka haraka kutoka kwenye mashina hadi nchani, kwa kuwa hakuna pindo la kuyazuia, na kama nywele zenyewe ni nyembamba basi kiasi kidogo tu hutosha kuzifanya zilale na kushikana. Mwenye nywele za kipilipili huwa na shida ya namna nyingine: mafuta hubaki kwenye ngozi ilhali ncha zimekauka na kukatika, naye hudhani kichwa kizima ni kikavu na kuzidi kukipaka. Wa kwanza anaweza kuosha kila siku au siku moja baada ya nyingine bila madhara, iwapo shampuu yake ni laini. Wa pili kwa kawaida hutosheka na mara moja kwa wiki, au mara mbili wakati wa joto la kaskazi, maji yakipita hasa kwenye ngozi.

Maji ndiyo mwanzo

Jambo hili husahauliwa sana, nami nililisahau kwa miaka. Mpwa wangu wa miaka 16, mwenye nywele za singa zinazofika kiunoni, alikuja kukaa nasi wakati wa likizo, na siku ya tatu akanijia uani akiwa ameshika mkia wa nywele zake kama mtu aliyeshika kamba ya mvuvi. "Mama mdogo, nimeosha jana usiku, lakini hebu shika." Nilishika. Zilikuwa nzito, zinanata, na kichana kilipopita kilitoka na kitu cheupe kijivujivu katikati ya meno yake. Mafuta ya mwilini hayana rangi hiyo. Yule mtoto alikuwa akiosha kwa sabuni ya mche na maji ya kisima chetu.

Visima vya kisiwani vimechimbwa ndani ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu, na vingi vimeingiliwa na maji ya bahari. Maji yake kwa hiyo yamejaa kalisi na magnesi, na sabuni ya kawaida ikikutana na madini hayo haitoi povu bali huganda na kuwa utando usioyeyuka, ule ule unaouona ukizunguka ukingo wa besheni. Utando huo hukaa juu ya nywele na kukamata vumbi na mafuta, na kadiri unavyoongeza sabuni ndivyo unavyouongeza wenyewe. Maji ya bomba yaletwayo kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi hayafiki kila mtaa kila siku, kwa hiyo ni jambo la kawaida nyumba moja kuwa na maji ya aina mbili, ya kisimani na ya mitungi iliyonunuliwa kwa mkokoteni, na mtu akajichotea yoyote yaliyo karibu.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa mbili safi za nusu lita, tia kila moja maji kufika nusu, moja ya kisima na nyingine ya mvua au ya chupa ya dukani, kisha dondoshea vipande sawa vya sabuni ya mche iliyokunwa na uzitikise kwa nguvu kwa muda sawa. Chupa ya maji laini, yaani yasiyo na madini mengi, itajaa povu linalodumu. Ya maji magumu, yaani yenye madini mengi, itakuwa na maji meupe kama tui jepesi na povu kidogo linalokufa upesi. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, acha sabuni ya mche na utumie shampuu, kwa kuwa visafishi vya shampuu havigandi na chokaa kwa namna hiyo. Maji ya kisima yanaweza kutumika kulowesha na kuosha mara ya kwanza, lakini weka angalau lita tatu au nne za maji laini kwa suuzo la mwisho. Ule utando wa zamani utaufungua kwa kijiko kimoja cha chakula cha siki katika lita moja ya maji, umimine nywele zikiwa zimekwisha oshwa, ukae dakika mbili, halafu usuuze. Usiitie siki bila kuizimua, wala usitumie ndimu badala yake kisha ukaenda juani, kwani maji ya ndimu yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi.

Kuosha kwenyewe

Lowesha nywele hadi maji yafike kwenye ngozi, jambo ambalo kwa nywele nyingi huchukua dakika nzima au zaidi. Mimina shampuu kiganjani kiasi cha sarafu ya shilingi 20, izimue kwa maji kidogo, kisha ianzie kisogoni na nyuma ya masikio, ndipo upande utosini. Wengi huanza utosini, povu likaishia hapo. Sugua ngozi kwa nyama za vidole na si kwa kucha. Povu la kwanza huwa hafifu kwa sababu mafuta hulivunja, basi lisuuze na urudie kwa kiasi kidogo zaidi, na hilo la pili likiumuka vizuri, jua kwamba mafuta yamekwisha toka. Nywele zenyewe hazihitaji kusuguliwa. Povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kuzisafisha. Kondishena, kama unaitumia, isipande juu ya masikio.

Wasiotaka shampuu wana majani ya mkunazi, ambayo wazee wetu waliyatumia kabla ya chupa hizi, na ambayo yana saponini, yaani kitu kinachotoa povu chenyewe. Loweka vijiko vinne vya unga wake katika maji vuguvugu kwa robo saa, yapige kwa mkono hadi yatoe povu, yachuje kwa kitambaa, na utumie kama shampuu. Hayaondoi mafuta mazito kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo yanafaa zaidi kwa kuosha katikati ya wiki. Magadi siyashauri kabisa, kwa kuwa hupandisha ukali wa alikali kichwani na kuacha nywele zikikwaruza kama katani.

Mafuta tuliyojipaka wenyewe

Hapa najua nitagombana na watu. Desturi ya kupaka mafuta ya nazi kila jioni na kusuka mikia miwili kabla ya kulala ni nzuri kwa nywele kavu, lakini mwenye kichwa cha mafuta anaongeza maji kwenye mtungi uliojaa. Si lazima kuyaacha, yahamishe. Mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, basi yapake kuanzia masikioni kwenda nchani saa moja au mbili kabla ya kuosha, yafanye kazi yake, kisha yaondoke na povu. Mafuta ya nyonyo ni mazito mno kwa kichwa cha aina hii, na ya mgando yanayouzwa kwenye makopo ndiyo hukamata vumbi la barabarani kuliko yote.

Ushungi hauzalishi mafuta, ingawa hulaumiwa sana. Unachofanya ni kuzuia joto na jasho, na ngozi ikipata joto mafuta huwa mepesi na kutambaa upesi zaidi. Kikofia cha ndani kiwe cha pamba, kibadilishwe na kufuliwa kila siku, na nywele zisifungwe zikiwa mbichi. Foronya na kichana navyo vifuliwe kila wiki, maana ni kazi bure kuosha kichwa na kukilaza juu ya mafuta ya juzi. Kofia ya kiume haina tofauti katika hili.

Ukialikwa harusini jioni na hakuna nafasi ya kuosha, nyunyiza unga kidogo wa kornflawa kwenye mashina, ngoja dakika tano hadi kumi, kisha upige brashi mpaka weupe utoke wote. Wanga hufyonza mafuta ya juu tu, nao ukirundikwa siku tatu mfululizo huziba na kuwasha, kwa hiyo usiku huo huo au kesho yake uoshe.

Wakati si suala la kuosha tena

Mafuta yakiandamana na magamba ya manjano yanayonata, muwasho na wekundu, hasa ukiviona pia kwenye nyusi na pembeni mwa pua, hilo si suala la nywele bali ni ugonjwa wa ngozi unaohusiana na hamira ndogo iitwayo Malassezia, ambayo huishi juu ya ngozi zetu sote na kula mafuta hayo. Duka la dawa lina shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, inayotumiwa mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne, nayo huachwa kichwani dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuza. Wengi huiosha papo hapo kisha husema haifanyi kazi. Iliyo na seleni salfaidi nayo husaidia, ila uvue kwanza pete na vipuli vya fedha visije vikaharibika.

Mwanamke ambaye mafuta yameongezeka ghafla pamoja na chunusi, ndevu kidevuni au hedhi isiyo na mpango aende hospitali kupimwa homoni, na mtu yeyote ambaye magamba hayaondoki baada ya mwezi mmoja wa dawa amwone daktari wa ngozi. Siku hiyo usioshe wala usipake kitu asubuhi, ili daktari aone kichwa kilivyo, na ubebe chupa zote unazotumia, ikiwemo ile ya mafuta iliyoandikwa kwa mkono ambayo shangazi alikuchanganyia.