Kidau cha mbao cha futi 11: kukiunda na kukitia tanga

Kidau kinachoelezwa hapa kina sakafu bapa, urefu wa futi 11 na kidogo, na upana wa futi 4 katikati. Kinabeba watu wawili na nyavu zao. Maji yake ni ya ndani: Ghuba ya Mikindani, kati ya Shangani na Msangamkuu, au kuvuka kutoka Lindi mjini kwenda Kitunda. Nje ya miamba usikipeleke, maana mbavu zake (kuta za pembeni) ni fupi kwa mawimbi ya kusi.

Nunua mbao sita za inchi moja kwa kumi, futi 12. Nne ni za mbavu, mbili kila upande, moja juu ya nyingine. Ya tano itatoa viti viwili na ubao wa pembeni utakaoelezwa mbele. Ya sita ni ya tezi, yaani ukuta wa nyuma, na usukani. Sakafu inataka mbao nane za moja kwa sita. Ongeza papi (mbao nyembamba) sita za moja kwa mbili, kipande cha nne kwa nne cha futi 2 kwa gubeti (nguzo ya mbele, mbavu zinapokutana), na kilo 3 za misumari ya inchi 2 na nusu iliyopakwa zinki. Misumari mitupu ya ujenzi hula kutu haraka ndani ya maji ya chumvi, na kutu yake huozesha mbao iliyoizunguka.

Mninga ndio mti bora kwa kazi hii kwa sababu hauchezi sana ukilowa na kukauka. Mwembe ni nafuu na unakunjika vizuri, lakini usipotunzwa huoza upesi. Mkongo ni mgumu mno kukunjwa kwa unene wa inchi moja. Uweke kwenye gubeti na mstamu (kitako cha mlingoti). Mataruma, yaani miti ya ndani inayoshikilia mbavu na sakafu, yakate kwenye matawi yaliyopinda yenyewe. Kona iliyochongwa kwenye ubao ulionyooka hupasuka pale pale penye kona. Mikoko iache, ni msitu wa hifadhi na haikatwi bila kibali.

Unganisha kwanza mbao za mbavu zikiwa zimelala chini, kila mbili kwa papi inayofunika kiungo chao kwa ndani, na pamba iliyochovywa mafuta katikati. Toboa kwa keekee kabla ya kila msumari. Msumari utapita inchi mbili za mbao na kubakiza nusu inchi ya kukunja upande wa ndani. Pigilia ncha za mbele kwenye gubeti. Kisha simamisha kiunzi cha katikati, futi 4 juu na futi 3 na inchi 4 chini, zungusha kamba nyuma ya mbavu na uisokote kwa kijiti mpaka zifike kwenye ubao wa tezi: futi 3 juu, futi 2 na nusu chini. Vuta polepole, pande zote sawa. Ubavu mmoja ukitangulia, kidau kitatoka kimepinda na kitaenda upande maisha yake yote. Mbao ikianza kulia, acha, imwagie maji, urudi kesho.

Weka mataruma, kisha pindua chombo. Sasa umefika mahali panapoamua kama kidau kitavuja: ukingo ambapo ubavu unakutana na sakafu. Pigilia papi kwa ndani ya ukingo huo, halafu piga randa ubavu na papi kwa pamoja huku ukikingamisha ubao ulionyooka kutoka upande hadi upande. Ubao ulale bila mwanga kupita chini yake, kuanzia omo (mbele) hadi tezi. Wengi hupaharakisha hapa wakitumaini pamba itajaza. Pamba haijazi pengo pana. Ikilowa inasukumwa nje.

Mbao za sakafu zinakingama, hazifuati urefu. Zibanane kwa ndani, na kwa nje ziachie mfereji wa milimita 3 wa kutia kalafati, yaani pamba ya kuziba nafasi. Sokota pamba yenye mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya samaki), uishindilie kwa chembeu na nyundo, kwa mapigo mepesi. Ukishindilia kwa nguvu, mbao zikivimba zitang'oa misumari. Mwisho paka deheni chini yote: mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, yakachanganywa na chokaa. Siku za kwanza majini kitavuja. Kiache kinywe maji, ukikumba ngama (maji yaliyoingia) kwa upo (chombo cha kukumbia), kabla ya kuanza kufukua kalafati.

Mlingoti ni mvinje wa futi 9, inchi 3 shinani, uliopita kwenye kiti cha mbele na kukaa kwenye mstamu futi 4 kutoka omo. Foromali, mti unaobeba tanga, ni futi 12. Tanga la pembe tatu, futi 12 kwa 10 kwa 9, linatosha. Kwa kuwa sakafu ni bapa, upepo wa ubavuni utakisukuma kando. Dawa yake ni ule ubao wa pembeni wa futi 4, unaoning'inizwa kwa kamba upande usiopigwa na upepo, nyuma kidogo ya mlingoti. Ukiachia usukani, omo inapaswa kugeukia upepo. Ikikimbia upepo, sogeza ubao mbele.

Demani, kamba ya kuvutia tanga, ishike mkononi, usiifunge kamwe. Upepo wa ghafla ukija, unaachia na tanga linapoteza nguvu. Iliyofungwa inapindua chombo. Anayejifunza kubisha (kwenda kinyume cha upepo kwa kupindapinda) ashushe tanga, ageuze kwa kasia, alipandishe upande wa pili. Funga madumu manne matupu ya lita 20 chini ya viti, ili kikijaa maji kisizame, na kila mtu avae jaketi la kuokolea.

Toka asubuhi, urudi kabla upepo wa mchana haujakaza. Penye mlango wa mto Lukuledi, huko Lindi, maji yanayotoka yakikutana na upepo wa baharini, mawimbi husimama, hasa siku za bamvua (maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu). Subiri maji yaanze kujaa.

Kila bamvua ya pili kipandishe pwani, kwangua, pitisha moto wa makuti makavu haraka chini ya sakafu kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha paka deheni upya. Kikikaa nchi kavu, kifunike kwa makuti, kwa kuwa jua la siku chache linatosha kufungua kalafati yote.