Somo: Spishi ikigawanywa, orodha yako ya ndege uirekebishe vipi?

Orodha za ndege duniani zinapohuishwa, maswali huwa yale yale. Idadi yangu imepandaje nami sikutoka nje? Jina nililolizoea limekwenda wapi? Somo hili ni la mtu anayetunza orodha yake mwenyewe, kwenye daftari au kompyuta, na anataka iendelee kusomeka miaka mingi ijayo.

Hatua ya 1: Chagua orodha moja, uandike na toleo lake

Kwa muda mrefu tulikuwa na orodha kubwa zisizokubaliana: ya Clements, ambayo eBird (mtandao wa kurekodi ndege walioonekana) huitumia, ya IOC (ya wataalamu wa ndege wa kimataifa, si ya Olimpiki) na ya BirdLife International, shirika la kuhifadhi ndege. Ndege yule yule aliweza kuwa spishi moja huku na mbili kule. Juni 2025 ikatoka AviList, iliyoandaliwa na wataalamu wa pande hizo kwa pamoja, yenye spishi 11,131. Anayeanza leo namshauri aanze na hiyo. Kufuata nyingine si kosa, mradi usichanganye mbili. Juu ya ukurasa wa kwanza andika "AviList 2025" au toleo lolote unalofuata, kwa sababu ukisema umeona spishi 400 bila kutaja orodha, msomaji hajui ulihesabu kwa kipimo gani.

Hatua ya 2: Tambua aina ya badiliko

Kuna manne: spishi kugawanywa, spishi kuunganishwa, spishi kuhamishiwa jenasi nyingine (jenasi ni kundi la spishi za karibu, nayo ndiyo neno la kwanza la jina la kisayansi), na jina la kawaida kubadilishwa. Mawili ya kwanza tu ndiyo yanayogusa idadi yako. Mengine ni kazi ya kubadilisha maandishi.

Hatua ya 3: Rudi kwenye mahali na tarehe

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tumchukue yangeyange, ndege mweupe afuataye ng'ombe. Zamani wote walikuwa spishi moja, *Bubulcus ibis*. Sasa wako wawili. Wa magharibi, *Ardea ibis*, yuko Afrika, kusini mwa Ulaya na Amerika, ambako alianza kufika kutoka Afrika mwishoni mwa karne ya 19. Wa mashariki, *Ardea coromanda*, yuko Asia ya kusini na mashariki hadi Australia.

Wakati wa kuzaliana hawafichiki. Wa mashariki hupata rangi ya machungwa kichwa kizima, mashavuni, kooni na shingoni. Wa magharibi huipata utosini, kifuani na mgongoni, mashavu na koo vikabaki vyeupe. Nje ya msimu huo wote ni weupe na kuwatofautisha kwa macho ni kazi ngumu mno. Ndiyo maana mahali ulipomwona ndipo panapoamua. Aliyeonekana Afrika utamwandika *Ardea ibis*, na aliyeonekana Japani *Ardea coromanda*. eBird hufanya hivyo yenyewe kwa rekodi nyingi, lakini daftari halina wa kulifanyia.

Ukiwa hapo, angalia pia jenasi. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi, alipomwelezea ndege huyu mwaka 1758 alimweka katika *Ardea*. Baadaye akahamishiwa *Bubulcus*, na sasa amerudishwa alikoanzia. Kwa kanuni za majina ya wanyama, jina la mwandishi, yaani aliyeielezea spishi kwanza, huwekwa kwenye mabano pale tu spishi inapokuwa imehamishwa kutoka jenasi ya awali. Kwa hiyo *Bubulcus ibis* (Linnaeus, 1758) sasa anaandikwa *Ardea ibis* Linnaeus, 1758. Wengi huyasahau mabano hayo.

Hatua ya 4: Usifute jina la zamani

Ongeza safu mpya pembeni: jina la sasa, toleo la orodha, tarehe ya kurekebisha. Ulichoandika siku ile ndicho ushahidi wako, nao mgawanyo ukitenguliwa kesho utahitaji kurudi hapo hapo. Kwa rekodi mpya, andika nususpishi, yaani kundi dogo ndani ya spishi, kila unapoweza, hata kama leo haiongezi hesabu. Spishi nyingi "mpya" za kesho ni nususpishi za leo, na anayeziandika mapema hatasumbuka.

Hatua ya 5: Majina ya kawaida

Badilisha jina, acha hesabu. Mwaka 2020 ndege wa Amerika Kaskazini aliyeitwa kwa Kiingereza McCown's Longspur, kwa jina la jenerali aliyepigania upande wa majimbo yaliyotetea utumwa, alipewa jina la Thick-billed Longspur. Novemba 2023 chama cha wanaonitholojia (wataalamu wa ndege) wa Marekani, AOS, kilitangaza nia ya kubadilisha majina ya Kiingereza ya ndege walioitwa kwa majina ya watu. Mimi naunga mkono. Jina linaloeleza mdomo wa ndege humsaidia mwanafunzi kumtambua. Jina la jenerali halimsaidii.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nani anaamua kwamba hawa ni wawili na si mmoja?

Jibu: Marahaba. Ni kamati za wataalamu, zikipima maumbile, sauti, DNA, na kama makundi huzaliana yanapokutana. BirdLife ilitumia mfumo wa alama uliochapishwa mwaka 2010: kila tofauti hupewa alama, na zikifika 7 kundi huhesabiwa spishi. Mtazame mbuni wa Somalia, *Struthio molybdophanes*. Dume ana shingo na mapaja ya buluu-kijivu, ilhali kwa mbuni wa Masai sehemu hizo ni za waridi, na DNA nayo inawatenga.

Swali: Je, hesabu inaweza kushuka?

Jibu: Ndiyo. Mwaka 2024 AOS iliunganisha ndege wa jenasi *Acanthis*, ndege wadogo wa kaskazini waitwao redpoll kwa Kiingereza, kuwa spishi moja, *Acanthis flammea*. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kuwa tofauti zao za rangi na mdomo zinatokana zaidi na kipande kimoja cha kromosomu kilichogeuka. Waliokuwa wamehesabu tatu wakabaki na moja.

Swali: Huyo wa McCown, mbona jina lake la kisayansi bado ni *Rhynchophanes mccownii*?

Jibu: Kwa sababu majina ya kisayansi yana kanuni zake, na tume inayoyasimamia kwa wanyama, ICZN, haibadilishi jina kwa sababu za kimaadili. Ndivyo ilivyo kwa *Spatula hottentota* pia: jina la Kiingereza la bata huyo limeachwa kwa kuwa lilidhalilisha watu, la kisayansi limebaki.

Swali: Nina rekodi ya yangeyange mweupe mtupu, na mahali sikuandika. Nimweke wapi?

Jibu: Andika *Ardea ibis/coromanda*, kwa mkwaju katikati, ndugu yangu. Atahesabiwa ikiwa tu huna mwingine wa spishi hizo mbili kwenye orodha. Ukikumbuka baadaye mahali ulipomwona, mhamishie spishi ya huko na uandike pembeni sababu ya kumhamisha.