Maumivu Wakati wa Tendo la Ndoa: Namna ya Kutambua Chanzo Chake

Wanawake wengi wamefundwa kuvumilia, na kwa hiyo huishi miaka mingi na maumivu ambayo chanzo chake kinajulikana na tiba yake ipo. Kabla ya kwenda kituo cha afya, jiulize maumivu yanasikika wapi na yalianza lini, kwa sababu majibu hayo humwonyesha mhudumu pa kuanzia.

Maumivu ya kuchoma kwenye mlango wa uke mara nyingi hutokana na ukavu, fangasi, au kovu la msamba kwa mama aliyechanika au aliyeongezewa njia alipojifungua. Ukavu usichukuliwe kuwa dalili ya kutompenda mume: mama anayenyonyesha na mwanamke aliyekoma hedhi hupungukiwa na homoni ya estrojeni, inayosaidia kuufanya uke uwe laini na wenye unyevu, hivyo mwili unaweza kuwa mkavu hata hamu ikiwapo. Wapo pia ambao misuli ya uke hujikaza yenyewe bila hiari yao, na hao kamwe wasilazimishwe, kwani kila jaribio lenye maumivu huongeza hofu, na hofu huzidisha kukaza. Aliyekeketwa na kushonwa amweleze mhudumu waziwazi, kwa kuwa sehemu iliyoshonwa inaweza kufunguliwa kitaalamu.

Maumivu ya ndani, chini ya kitovu, huweza kuashiria maambukizi ya nyonga, uvimbe, au endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na za ukuta wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake. Ugonjwa huu mara nyingi huambatana na hedhi yenye maumivu makali.

Ukitokwa na damu baada ya tendo, au baada ya hedhi kukoma kabisa, usisubiri: nenda ukapimwe, na mlango wa kizazi uchunguzwe pia.

Nyumbani, acha kuosha uke kwa ndani na kutumia dawa za kuukaza. Kilainishi chenye asili ya maji husaidia; mafuta huharibu kondomu za mpira.

Kliniki, una haki ya kuomba mhudumu wa kike na ya kusimamisha uchunguzi unapoumia. Taja dawa zote unazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za sonona hupunguza hamu. Ukiambiwa tu kwamba ni kawaida na uvumilie, omba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake.