Namna ya Kujiendeleza na Kujenga Mahusiano ya Kazi kwa Mtengenezaji Huru wa Filamu

Mtengenezaji huru wa filamu hana mwajiri wa kumpeleka mafunzoni, hana idara ya sheria ya kumsomea mikataba, wala hana kitengo cha masoko cha kuitangaza kazi yake. Mahitaji hayo huyatimiza mwenyewe au kwa msaada wa watu anaofahamiana nao, na kwa sababu hiyo kukuza ujuzi na kukuza mahusiano ya kazi huenda pamoja, kwani karibu kila ujuzi mpya hufundishwa na mtu na karibu kila uhusiano wa kudumu huzaliwa kazini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyafanya yote mawili kwa utaratibu, katika kipindi ambacho njia ya filamu kutoka kwa mtengenezaji hadi kwa mtazamaji inabadilika mbele ya macho yetu.

Anza na watu wa rika lako la kazi

Wengi wanaoingia katika kazi hii hudhani kwamba mlango hufunguliwa na mtu mkubwa: mtayarishaji mashuhuri, mkuu wa mfuko wa ruzuku, au mteuzi wa filamu wa tamasha maarufu. Kwa maoni yangu, dhana hiyo huwapotezea watu miaka. Mtu wa namna hiyo anafuatwa na mamia, na hata akikupenda, si rahisi akukumbuke. Lakini mhariri anayeanza kama wewe, fundi sauti uliyemaliza naye mafunzo, au msaidizi wa tamasha ambaye leo anapanga viti na ratiba, hao ndio mtakaopanda ngazi pamoja, na baada ya miaka kadhaa huenda mmoja wao akawa ndiye anayeamua ni miradi ipi ipewe fedha.

Njia ya hakika ya kuwapata watu hao ni kufanya kazi katika filamu zao. Jitolee siku mbili za kushika maiki, kuandika kumbukumbu za mwendelezo (yaani nguo, vitu na mikao ya waigizaji ilivyokuwa kati ya picha moja na nyingine) au kunakili data kutoka kwenye kadi za kamera, kisha ifanye kazi hiyo kana kwamba filamu ni yako. Waongozaji huambiana majina ya watu wanaofika kwa wakati, wanaorudisha vifaa vikiwa safi na wanaolipa siku waliyoahidi, na vivyo hivyo huambiana majina ya wasiofanya hivyo. Sifa hiyo hukutangulia kila uendako, na hakuna kadi ya mawasiliano inayoweza kuishinda.

Jambo la pili ninalolisisitiza ni kuunda kikundi kidogo cha watu wanne au watano wanaokutana mara moja kwa mwezi kutazama mikato ya awali ya filamu zao, yaani matoleo ambayo bado yanahaririwa. Kikundi hicho hufaa kikiwa na taratibu zake. Mwenye filamu asitoe utangulizi wowote kabla ya kuonyesha. Filamu ikiisha, kila mtazamaji aandike kwanza, bila kuzungumza, ni dakika ipi akili yake ilianza kutangatanga na ni mhusika gani hakumwelewa, halafu ndipo maandishi hayo yasomwe kwa sauti. Mwenye filamu akae kimya katika hatua hiyo yote, kwa kuwa akianza kujitetea wenzake wataanza kumhurumia, na huruma haimsaidii mhariri. Mapendekezo ya kurekebisha yaje mwishoni, baada ya wote kukubaliana tatizo liko wapi. Nimeona filamu fupi ya dakika ishirini na mbili ikishuka hadi kumi na nne kwa vikao vitatu vya aina hii, na ikawa bora kwa kila dakika iliyoondolewa.

Jifunze kazi ya jirani yako

Mwongozaji asiyeijua kazi ya fundi sauti humpa fundi huyo matatizo yasiyo na dawa. Chukua mfano mdogo: kila mnapomaliza kupiga picha mahali fulani, kabla ya mtu yeyote kufungasha vifaa, wote wasimame kimya kwa nusu dakika na fundi arekodi sauti ya mahali penyewe, yaani mvumo wa chumba, upepo au feni ya mbali. Nusu dakika hiyo ndiyo mhariri atakayoitumia kuziba mapengo kati ya maneno ya waigizaji. Ikikosekana, kila mkato husikika kama kidonda, na kurudi mahali hapo miezi miwili baadaye hakusaidii, kwa sababu pengine msimu umebadilika na sauti ya mahali nayo imebadilika.

Kwa hiyo, kila mwaka chagua fani moja iliyo jirani na yako na uisome kwa vitendo. Anayeongoza ajifunze uhariri na bajeti. Anayepiga picha ajifunze urekebishaji wa rangi. Mwandishi ajifunze utayarishaji. Vifaa si kikwazo kama zamani, kwani programu kama DaVinci Resolve ina toleo la bure linalounganisha uhariri, rangi na sauti. Utunzaji wa data nao ni ujuzi usiopaswa kudharauliwa: weka nakala tatu za kila ulichorekodi, katika aina mbili tofauti za hifadhi, na nakala moja iwe mbali na nyingine.

Bajeti ndiyo fani inayokimbiwa zaidi, ilhali ndiyo lugha ambayo watoa ruzuku huizungumza. Mtu anayeweza kueleza kwa nini uhariri wa sauti umetengewa siku kumi badala ya tano huaminiwa haraka kuliko anayezungumzia maono yake tu.

Chagua maabara, masoko na matamasha kwa makusudi

Zipo programu za malezi ya kitaaluma ambazo zimejengwa kwa ajili ya watu wasio na studio nyuma yao. Taasisi ya Sundance ya Marekani, iliyoanzishwa na Robert Redford mwaka 1981, huendesha maabara, yaani warsha, za uandishi na uongozaji. Berlinale Talents huwakusanya watengenezaji wanaochipukia mjini Berlin wakati wa tamasha la filamu la Berlinale la kila mwaka, tangu mwaka 2003. Na Durban FilmMart, iliyoanza mwaka 2010, hukutanisha miradi ya Afrika na wafadhili pamoja na watayarishaji wenza. Kwa upande wa fedha, Mfuko wa Hubert Bals wa tamasha la Rotterdam umekuwapo tangu mwaka 1988, na World Cinema Fund ya Berlin tangu mwaka 2004. Soma masharti ya kila programu mwanzo hadi mwisho kabla ya kuandika neno moja la maombi, kwa sababu baadhi hudai mtayarishaji mwenza kutoka nchi fulani, na nyingine hupokea filamu ya kwanza au ya pili tu.

Matamasha hayafanani, na ni vyema kutofautisha tamasha la kuonyeshea na soko la kuuzia. Tamasha la Clermont-Ferrand nchini Ufaransa ni la filamu fupi na lina soko lake la filamu hizo. FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou nchini Burkina Faso, lililoanza mwaka 1969, hufanyika kila baada ya miaka miwili na ni mahali pa kuwakuta watu wa sinema ya Afrika kwa wiki moja. IDFA, tamasha la filamu za makala la Amsterdam, lina jukwaa la kunadi miradi ya filamu hizo. Na Soko la Filamu la Cannes, lililoanza mwaka 1959, ni mahali pa mawakala wa mauzo na wanunuzi. Mwenye filamu fupi moja asiye na mradi mwingine mkononi hana sababu ya kutumia akiba yake yote kwenda soko kubwa. Aende pale anapokuwa na mradi unaofuata, wenye muhtasari wa sentensi moja, kurasa chache za maelezo, bajeti na dondoo la picha (kipande kifupi cha video cha mradi), maana swali la kwanza atakaloulizwa baada ya pongezi ni kuhusu filamu ijayo.

Zingatia pia kwamba matamasha makubwa kadhaa hudai onyesho la kwanza. Ukiipeleka filamu yako mapema kwenye tamasha dogo, au ukaiweka wazi mtandaoni, huenda umejifungia mlango huo bila kujua. Jihadhari vilevile na yanayojiita matamasha lakini hayana ukumbi, hayana watazamaji, na hutoa tuzo kila mwezi kwa kila mwenye kulipa ada. Kabla ya kulipa, tafuta picha za maonyesho ya mwaka uliopita na umwandikie mtengenezaji aliyeshiriki. Ada ikikushinda katika tamasha la kweli, omba kwa heshima usamehewe, kwa barua fupi inayoeleza sababu.

Mkutano wa dakika ishirini

Katika masoko, mazungumzo mengi hupangwa kwa vipande vifupi vya muda. Kabla ya kukutana na mtu, tazama filamu mbili alizozisaidia na uandike swali moja linalotokana nazo. Dakika mbili za kwanza eleza mradi wako: ni nani, anataka nini, kinamzuia nini, na kwa nini wewe ndiye wa kuisimulia habari hiyo. Halafu nyamaza. Watu wengi huharibu mkutano kwa kuendelea kuzungumza pale ambapo mwenzao alikuwa anakaribia kuuliza. Usiombe fedha katika mkutano wa kwanza. Omba jambo dogo linalowezekana, kama vile kutazama dondoo au kukutajia mtayarishaji mmoja anayefaa.

Ndani ya siku tatu, andika ujumbe mfupi. Ninaoutumia hufanana na huu: “Habari za kazi. Tulikutana Jumanne asubuhi tukazungumza kuhusu filamu ya makala ya wachimba chumvi. Uliuliza kama tuna kibali cha kupiga picha ndani ya mgodi. Tumekipata wiki hii na nimekiambatisha. Dondoo la dakika tatu liko kwenye kiungo kilicho hapa chini, pamoja na nenosiri. Nitakuandikia tena mwezi Machi, mkato wa kwanza utakapokuwa tayari.” Ujumbe huo unamkumbusha mlikutana wapi, unajibu swali aliloliuliza mwenyewe, na unatoa ahadi yenye tarehe. Mwezi Machi ukifika, iandike barua hiyo hata kama mkato umechelewa, na useme kwamba umechelewa.

Nyaraka zako ni sehemu ya sifa yako

Filamu yangu fupi ya kwanza ilipata mnunuzi, kituo kimoja cha televisheni, kisha ikakaa miezi minne bila kuonyeshwa kwa sababu makubaliano yangu na mwanamuziki yalikuwa ya mdomo tu. Mwanamuziki hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa safarini, na mimi sikuwa na karatasi. Tangu siku hiyo sianzi kupiga picha kabla ya kutiwa saini mikataba ya mwandishi, waigizaji, mpiga picha na mtunzi wa muziki, inayoonyesha wazi kwamba haki zinazohitajika zimehamia kwenye filamu. Ukitumia wimbo uliokwishatoka, kumbuka kuwa haki ni mbili: ya utunzi wenyewe na ya rekodi, na mara nyingi wenye haki hizo si mtu mmoja. Wahariri wa sauti nao waombwe mapema kutenganisha mazungumzo na muziki pamoja na sauti nyingine, kwa kuwa mnunuzi anayetaka kuingiza sauti za lugha yake atahitaji muziki na sauti hizo bila mazungumzo.

Mkataba wa usambazaji unapofika, angalia mambo manne kabla ya mengine yote: nchi zinazohusika, aina za maonyesho, muda wa mkataba, na kikomo cha gharama ambazo wakala ataruhusiwa kukata kabla hujalipwa. Bila kikomo hicho, filamu inaweza kuuzwa mara nyingi na mwenyewe asione chochote. Mlipe mwanasheria wa hakimiliki kwa saa chache. Hata kama ni ghali, ni nafuu kuliko kupoteza filamu.

Mabadiliko yanayoendelea

Mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma kwa siku 148, na waigizaji wakagoma kwa siku 118. Malipo ya utiririshaji wa filamu mtandaoni yalikuwa sehemu kubwa ya mgogoro, na akili unde (AI) pia. Mikataba iliyofuata inazitaka studio kupata ridhaa ya mwigizaji kabla ya kutengeneza mfano wake wa kidijitali, na inakataa akili unde kuhesabiwa kuwa mwandishi. Mtengenezaji huru hafungwi na mikataba hiyo moja kwa moja, ila anafaa kufuata mwelekeo wake: mwombe mwigizaji ridhaa ya maandishi kabla ya kuigusa sauti au sura yake, na uweke orodha ya kila mahali ulipotumia zana hizo. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani imeshikilia kwamba kazi isiyo na ubunifu wa binadamu hailindwi, na msambazaji makini anaweza kukuuliza kuhusu jambo hilo.

Kwa majukwaa ya utiririshaji, usiweke tegemeo lako lote kwa mnunuzi mmoja, kwa sababu sera za ununuzi hubadilika ghafla. Kusanya anwani za barua pepe za watazamaji wako tangu onyesho la kwanza, kwa ridhaa yao, ili filamu ijayo isianze tena bila hadhira.

Mwisho, tengeneza jedwali rahisi lenye jina la kila mtu uliyekutana naye, mlichozungumza, ulichoahidi na tarehe ya kumwandikia tena. Lipitie kila baada ya miezi mitatu. Waliokukatalia nao wabaki humo: barua ya kukataliwa ikifika, ijibu kwa mistari miwili ya shukrani bila kulalamika, na kama umepewa maoni, taja moja utakalolifanyia kazi. Mkato mpya ukiwa tayari, mtumie mtu yuleyule, ukionyesha dakika ambayo maoni yake yaliibadilisha.