Waffles zisinate kwenye mashine
Vikombe 2 vya unga wa ngano, baking powder vijiko vya chai 3, sukari vijiko vya chakula 2, chumvi kiasi. Tenga mayai 2: viini changanya na maziwa kikombe 1 na robo tatu na siagi ya kuyeyusha nusu kikombe, kisha mimina kwenye unga. Ute upige hadi povu lisimame, uingize mwisho, taratibu. Vibonge vidogo viache. Ukikoroga mno zinakuwa ngumu kama mpira.

Mashine ipate moto kweli kwanza. Usifunue wakati mvuke bado unafuka, ndipo zinapochanika katikati. Sukari ikizidi nayo hugandisha. Zikiiva, weka kwenye wavu. Ukizirundika sahanini zinalegea.