Somo: Chora seli ya ini mwenyewe, uelewe kwa nini mgonjwa wa sepsisi anageuka macho manjano

Jambo wote. Somo hii nimeiandika kwa wanafunzi wa labo na wauguzi wa hapa Bukavu, ila mtu yeyote mwenye karatasi anaweza kufuata. Kuna swali moja inarudiaka kila mwaka: mgonjwa ana homa kali, infeksyo imeshafika kwenye damu na viungo vinaanza kuumia (njo sepsisi), macho yanaanza kuwa manjano, anapigwa eko, mirija ya nyongo iko wazi, jiwe hakuna, epatiti B na C negatifu. Sasa hiyo njano inatoka wapi? Wengi wanajibu haraka haraka "ini imekufa". Hapana. Mara mingi seli za ini ziko hai bado, tena zinafanya kazi kupita kawaida, ila mifupa yake ya ndani (nyuzi zinazoishikilia seli) imevurugika na pampu za nyongo zimetoka mahali pake. Kuliko kukariri, tuchore.

Tafuta karatasi, penseli na gome (kifutio), biki bluu na nyeusi. Gome ni ya lazima juu kuna vitu tutavifuta.

Hatua ya 1: seli mbili na njia mbili

Chora seli mbili kubwa za ini, zimebanana ubavu kwa ubavu. Hizo njo hepatositi, zinajaza karibu 80% ya ini yote. Juu na chini yake pitisha njia ya damu, sinusoidi. Katikati, pale seli mbili zinagusana, acha katundu kadogo: hako ni kamfereji ka nyongo. Damu haipiti hapo hata kidogo, na nyongo haipiti kwenye sinusoidi. Ukichanganya hizi mbili, somo yote itakupotea.

Andika pembeni: karibu 75% ya damu inayoingia kwenye ini inatoka kwenye utumbo kupitia mshipa wa porta. Kwa hiyo uchafu wa bakteria wa tumboni unapiga hodi hapa mbele ya kufika kwengine.

Hatua ya 2: mifupa ya seli

Ziko aina tatu. Kwa penseli, chora aktini, nyuzi nyembamba za nanometa 7 hivi. Zitandaze chini ya ngozi ya seli, halafu uzirundike nyingi kabisa kuzunguka kale kamfereji, zikafanya pete. Ile pete inajikaza na kujilegeza ikisaidiana na miosini (protini inayovuta aktini), na njo inasukuma nyongo mbele.

Kwa biki bluu, chora mikrotubuli, mabomba ya tubulini ya nanometa 25. Kazi yake ni usafiri. Albumini na fibrinojeni (protini za damu), pampu mpya za nyongo, vyote vinabebwa juu yake kama vile mafuso yanabeba mizigo kutoka Kavumu kuingia mjini. Ukiweka kolkisini, dawa inayovunja mikrotubuli, seli inaendelea kutengeneza albumini lakini inabakia imejaa ndani haitoki.

Kwa biki nyeusi, chora keratini, nyuzi ngumu za nanometa 10. Hepatositi iko na mbili tu, keratini 8 na 18. Hizi hazisafirishi kintu, zinavumilia tu mateso. Panya walionyimwa keratini 8 ini yao inaumizwa kirahisi sana na sumu ambayo panya wengine wanaimudu.

Hatua ya 3: pampu

Kwa penseli, weka vidoti kwenye ukuta wa kamfereji. Doti ya kwanza uite MRP2, ni yeye anatupa bilirubini direkti (rangi ya njano ya globuli nyekundu zilizozeeka, ini imeshaigeuza tayari kutupwa) kwenye nyongo. Ya pili BSEP, anatupa chumvi za nyongo. Sasa unganisha MRP2 na ile pete ya aktini kwa kakamba kadogo. Kakamba kanaitwa radiksini. Hapa usiruke: mwaka 2002 watafiti walionyesha kama panya wasiokuwa na radiksini wanapata bilirubini direkti ya juu, hakuna jiwe, hakuna kizuizi, ni kamba tu imekosekana na MRP2 haikai mahali pake. Kwangu mimi hii njo ufunguo wa somo yote.

Hatua ya 4: ingiza infeksyo

Usichore bakteria ndani ya hepatositi! Kila mwaka nusu ya darasa inachora hivyo. Mara mingi bakteria haiingii humo, inayofika ni endotoksini, kipande cha ukuta wa bakteria za Gram negatifu kama E. coli au Salmonella ya tifoide. Kwenye sinusoidi chora seli ya Kupffer, imekaa kama polisi wa ini. Makrofaji (seli zinazomeza mikrobi) zenye kukaa ndani ya viungo vya mwili, karibu 80% au zaidi ziko hapa. Inanyosha mikono (mikono ya aktini, tena aktini) inameza bakteria, na ikigusa endotoksini inamwaga TNF, IL-1 na IL-6, protini za kutoa alarme kwa seli zingine. Chora mishale kutoka Kupffer kwenda kwenye hepatositi.

Hatua ya 5: chukua gome

Futa vidoti vya MRP2 kwenye kamfereji uvichore upya ndani ya seli, kwenye vifuko vidogo. Kwa panya waliodungwa endotoksini hii inafanyika ndani ya masaa tu, pampu haijavunjwa bado, imevutwa ndani. Baadaye seli inapunguza hata kuitengeneza. Pete ya aktini nayo uifutefute, kamfereji kanapanuka na kulegea, nyongo inalala. Bilirubini ambayo ilishapikwa vizuri na seli inakosa mlango, inatoroka kwa mlango wa nyuma, pampu ya MRP3 upande wa sinusoidi, inarudi kwenye damu. Njo njano yenyewe: direkti imepanda, eko haionyeshi kintu.

Na wakati huohuo, angalia mikrotubuli, haipumziki. IL-6 imeamuru CRP, fibrinojeni, haptoglobini (protini za kupambana na infeksyo), vyote vibebwe juu yake kutolewa nje. Kwa hiyo wanaosema ini "imelala" kwenye sepsisi mimi siwafuati. Ini imegeuza kazi: inasafirisha silaha upande wa damu, upande wa nyongo imeuacha. Kutengeneza albumini pia inapunguza.

Hatua ya 6: sinusoidi, haraka

Ukuta wa sinusoidi una vidirisha vya karibu nanometa 100 vinavyoshikiliwa na aktini, endotoksini inavipunguza. Seli za nyota zilizo nyuma ya ukuta zinakazwa na endotelini (protini ya kubana mishipa), njia inabana, oksijeni haifiki vizuri. Basi.

Hatua ya 7: seli ikikufa kweli

Hapo mifupa inamwagika. Aktini ikiingia kwenye damu inajiunga nyuzi ndefu zinazofanya damu nzito, kwa hiyo mwili uko na wasafishaji wawili: jelsolini inakatakata nyuzi, Gc-globulini (ile ile inayobebaka vitamini D, inatengenezwa kwenye ini) inashika vipande. Kwa wagonjwa mahututi wa sepsisi vyote viwili vinashuka, vimetumika. Keratini 18 nayo inakatwa na kaspasi (mikasi ya seli inayojiua), na vipande vyake watafiti wanavipima kwenye damu kujua seli ngapi zinajiua.

Maswali ya wanamemba

*Mwanafunzi wa Lubumbashi:* Mwalimu, mersi mingi. Na palu (malaria) je, inafanyaka vile vile? Huku batu bengi banageukaka manjano na palu.

Jibu: Leki yangu, hapana, njia ni ingine. Sporozoiti (kimelea cha palu kinachotoka kwa mbu) inatembea kwa aktini na miosini yake yenyewe, inapenya mpaka kwenye hepatositi, kwa falsiparumu (aina ya palu kali zaidi) inakaa humo karibu wiki moja, mgonjwa hasikii hata kintu. Njano inakuja baadaye, hasa juu globuli nyekundu zinapasuka, kwa hiyo bilirubini indirekti (ile ini haijaigeuza bado) inapanda. Kwa palu kali sana ini nayo inachoka, unaweza kukuta zote mbili. OMS (shirika la afya duniani) inahesabu njano kuwa alama ya palu kali bilirubini ikipita mg 3 kwa desilita na vimelea vikipita 100,000 kwa mikrolita. Ukiwa na direkti na indirekti zimeandikwa mbali mbali, utajua uanzie wapi.

*Muuguzi, Goma:* TGO na TGP (transaminazi, vipimo vya ini) zinatosha kuona haya yote? Juu sisi njo tunazo tu.

Jibu: Hazitoshi dada. Zile zinatoka kama ngozi ya seli imetoboka. Pampu ikivutwa ndani seli haijatoboka, kwa hiyo unaweza kuona TGP imepanda kidogo tu na bilirubini imepanda sana. Omba bilirubini totali na direkti. Na TGO iko pia kwenye misuli, usiihukumu peke yake. Wenye walifanya kazi wakati wa Ebola huko kwenu 2019 wanakumbuka TGO ilikuwa inaizidi TGP. Kwenye skoa ya SOFA (ya kupima viungo vinavyoshindwa kazi), ini inahesabiwa kwa bilirubini, haiko kwa transaminazi: kuanzia mg 1.2 kwa desilita ni pointi 1, kuanzia 12 ni pointi 4.

*Mama mmoja, Bukavu:* Kuna dawa ya kukaza hiyo mifupa? Hapa sokoni banauzisha majani ya kusafisha ini.

Jibu: Mama, hakuna. Dawa ni kuzima infeksyo mapema: antibiyotiki inayofaa, maji ya kutosha, oksijeni, na kama kuna usaha utolewe. Hayo majani kwa mgonjwa wa sepsisi usimpe kabisa, ini haina tena mlango wa kuyatupia. Na parasetamoli muhesabu, mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, juu anapewa ya sindano hospitalini na familia inaongeza ya kidonge chini ya shuka.

*Mwanafunzi, Bukavu:* Kuna mikrobi inayoiba aktini yetu?

Jibu: Ziko. Shigella, yule wa kuharisha damu, na Listeria. Zinajifungia mkia wa aktini ya seli na kusukumwa nao mpaka kwa jirani. Listeria inafanya hivyo hata ndani ya hepatositi.

*Muuguzi, Goma tena:* Mgonjwa wetu homa imeisha, anakula, anatembea, lakini macho bado manjano wiki ya pili. Daktari hana hofu, familia njo inalalamika.

Jibu: Daktari ana haki. Direkti ikikaa muda mrefu kwenye damu, sehemu yake inajigundisha kwenye albumini, na albumini inachukua karibu siku 20 kupungua nusu. Pampu zimesharudi ila ile iliyogundana inatoka polepole. Haipiti kwenye figo, kwa hiyo waambie waangalie mkojo: ukiwa umeshakuwa mweupe na macho bado manjano, mambo yanaenda vizuri. Mkojo ukirudia rangi ya koka, mumurudishe.