Rozari ya Ukutani ya Shanga za Karatasi: Mwongozo kwa Familia Zenye Watoto Wadogo

Mwishoni mwa Septemba mwaka jana, mama mmoja wa jumuiya yetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliniomba nimsaidie, kwa sababu kila rozari ilipoanza nyumbani kwake, mtoto wake wa miaka mitano alikuwa amelala kabla ya kumi la pili, yaani fungu la pili la Salamu Maria kumi, na yule wa miaka saba alikuwa akizunguka sebuleni akigusa kila kitu. Nilikaa nao Jumapili tano mfululizo, na rozari tuliyoitengeneza ingali inaning'inia ukutani kwao. Kwa miaka niliyofundisha katekesi ya watoto nimeshika jambo moja: kazi ya mikono haimsaidii mtoto kusali iwapo inafanywa mchana kisha inawekwa kabatini. Kitu alichokitengeneza sharti kitumike katika sala ya jioni hiyohiyo, na yeye mwenyewe ndiye akishike. Kwa sababu hiyo siupendi utaratibu wa kuwapa watoto picha za kupaka rangi wakati wazazi wanasali, maana hapo mtoto hupaka, wazazi husali, na sala haiwi ya familia.

Tulifuata rangi za Rozari ya Misioni, ambayo Askofu Fulton Sheen wa Marekani aliianzisha mwaka 1951, na ambayo watoto wa Utoto Mtakatifu, shirika la kimisionari la watoto Wakatoliki, huifahamu. Kijani ni Afrika, nyekundu ni Amerika, nyeupe ni Ulaya, buluu ni Oseania yenye visiwa katikati ya bahari, na njano ni Asia, upande wa macheo. Kila wiki mnatengeneza kumi la rangi moja. Kwa kuwa Oktoba, mwezi wa Rozari, haifikishi wiki tano kamili, anzeni Jumapili ya mwisho ya Septemba.

Vifaa

Nunueni karatasi moja ya A4 ya kila rangi katika duka la vifaa vya shule, ambako kwa kawaida huuzwa mojamoja. Msinunue manila, kwa sababu ni nzito na hujifungua hata baada ya kugandishwa. Tafuteni pia kalenda ya mwaka uliopita, gundi nyeupe ya mbao, vijiti vya meno, vijiti vichache vya mshikaki, kipande cha mshumaa, kiazi kikubwa kibichi, kibanio kimoja cha nguo na uzi wa mafundi viatu uliopakwa nta. Uzi huo hupatikana katika soko la Kariokor, na fundi aliye kando ya barabara mtaani hukubali kukukatia mita chache. Kuna watu wanaopendekeza uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Mimi siupendekezi hata kidogo, kwa sababu fundo lake huteleza na kufunguka lenyewe.

Ikiwa nyumbani kuna mtoto aliye chini ya miaka mitatu, shanga zisiachwe mezani wala sakafuni hata kwa dakika moja, kwani zinaweza kumkaba koo.

Kukata

Kazi hii ni ya mtu mzima. Laza karatasi ili upande wake wa sentimita 21 uwe chini, kisha weka alama kila baada ya sentimita 2. Upande wa juu weka alama hizohizo, lakini anza kwenye sentimita 1. Unganisha alama kwa mistari inayopanda na kushuka, na utapata pembetatu kama 20 ndefu nyembamba. Kumi zitatosha, na zilizobaki ni akiba.

Kukunja na kukausha

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima nilipojaribu peke yangu kabla ya kuwafundisha wengine. Nilikunja shanga 30, nikazipaka gundi vizuri, nikazipanga kwenye sinia, na asubuhi nilizikuta zimegandamana zenyewe kwa zenyewe, zimegandamana na sinia, na zaidi ya nusu zilikataa kutoka kwenye vijiti. Makosa yalikuwa matatu, na kila moja lina dawa yake.

Kosa la kwanza ni kupaka gundi tangu mwanzo wa ukanda, yaani ile pembetatu ya karatasi inayozungushwa kwenye kijiti cha meno. Ukanda hukunjwa kuanzia upande wake mpana, na mzunguko wa kwanza ndio unaogusa kijiti. Gundi ikiwa hapo, ushanga na kijiti vinakuwa kitu kimoja. Sugua kijiti kwanza kwa kipande cha mshumaa mpaka uhisi utelezi, zungusha ukanda mara mbili bila gundi yoyote, kisha ndipo upake gundi kidogo kwa ncha ya kidole kwenye sehemu iliyobaki. Mizunguko hiyo miwili ya mwanzo huifanya mzazi, kwa kuwa mtoto wa miaka minne au mitano hawezi kuikaza, na ikilegea ushanga wote huchomoza katikati kama pia. Mzazi akishaianza, mtoto humalizia, na hapo mikono yake inatosha kabisa. Mwongoze ncha nyembamba ibaki katikati, lakini ikienda upande usiifungue wala usiirekebishe asipoona, kwa sababu jioni atautafuta ushanga wake na atautambua.

Kosa la pili ni kuzikausha zikiwa zimelala. Chomeka kila kijiti kwenye kiazi, ushanga ukiwa juu, bila kugusana na mwenzake. Kwa robo saa ya kwanza mtoto apite akizungusha kila ushanga kidogo juu ya kijiti chake ili usigande. Kazi hii ndogo huwapendeza sana watoto, na ndiyo niliyompa yule wa miaka saba ambaye hakuweza kukaa kitako.

Kosa la tatu ni haraka. Mvua za vuli zikianza, au katika baridi yetu ya Julai mtu akitaka kujitayarisha mapema, gundi hukauka polepole mno, na ushanga unaoonekana mkavu nje huwa bado mbichi ndani. Ziacheni zilale usiku mzima, kisha mzichomoe asubuhi kwa kuzungusha, si kwa kuvuta. Ndiyo maana nashauri mkunje Jumapili alasiri na kutunga Jumatatu. Jumapili hiyo shanga zikiwa bado kwenye kiazi, kiwekeni kiazi chenyewe mbele yenu wakati wa sala, na mtoto aguse kila kijiti kwa kila Salamu Maria.

Tabaka la mwisho la kulinda shanga limeniletea mabishano na wenzangu. Gundi nyeupe iliyochanganywa na maji ni salama kwa mtoto, lakini mikono yenye jasho huilainisha, na shanga huanza kunata. Vanishi hudumu, ila harufu yake ni kali. Mimi hutumia vanishi, na ninaipaka mwenyewe kwenye roshani watoto wakiwa shuleni, tabaka mbili nyembamba, na ya pili naipaka baada ya ya kwanza kukauka kabisa. Shanga nyeupe zipakwe kabla hazijashikwashikwa, kwa sababu hupata uchafu upesi kuliko zote.

Shanga za Baba Yetu zitokane na kalenda. Ni sita. Tumieni kanda mbili kwa kila ushanga ili uwe mnene, na mzikunje kwenye kijiti cha mshikaki, kwa kuwa tundu lake linapaswa kupitisha nyuzi mbili.

Kutunga

Kata uzi wa sentimita 70 kwa kila kumi na uchovye ncha yake kwenye nta ili iwe ngumu. Mtoto hatahitaji sindano. Mtoto anatia ushanga, mtu mzima anapiga fundo mara mbili, na baina ya shanga inabaki nafasi ya kama sentimita 1. Msiipuuze nafasi hiyo, kwa maana kibanio kitakaa hapo. Acheni mkia wa sentimita 10 kila upande. Kumi la pili likiwa tayari, mikia ya makumi mawili hupitishwa kwenye ushanga mmoja wa Baba Yetu kutoka pande mbili na kufungwa kwa nje.

Makumi matano yakiisha, fungeni duara, kisha muongeze kamba ya chini yenye Baba Yetu, Salamu Maria tatu, Baba Yetu na msalaba. Jumla ni shanga 59. Msalaba ni vijiti viwili vya aiskrimu vilivyozungushiwa uzi. Padre akishaibariki baada ya Misa, itundikeni ukutani kwa kimo cha macho ya mtoto mdogo, si juu ya mlango.

Kusali

Kwa watoto wa umri huu kumi moja kila jioni linatosha; wazazi wanaweza kumalizia mengine watoto wakishalala. Kabla ya kuanza, mtoto anataja nia inayohusu bara la rangi ya wiki hiyo. Kwa kijani, yule wa miaka saba alimtaja nyanya yake aliyekuwa mgonjwa kijijini, na kwa njano alitaka kujua kwanza kama huko Asia kuna watoto wanaosali kwa Kiswahili.

Mama huyo aliniuliza kama kijani ni Matendo ya Furaha, mojawapo ya mafungu ya matukio ya maisha ya Yesu na Maria yanayotafakariwa katika rozari. Rangi hazihusiani na matendo, na siku hazibadiliki: Furaha ni Jumatatu na Jumamosi, Uchungu ni Jumanne na Ijumaa, Utukufu ni Jumatano na Jumapili, na Mwanga, ambayo Papa Yohane Paulo II aliyaongeza mwaka 2002, ni Alhamisi.

Mtoto mwenye zamu anashika kibanio cha nguo na kukihamisha baada ya kila Salamu Maria. Mwanzoni nilimruhusu akihamishe sala inapoanza, na ikawa mbio, kwa sababu alikuwa akisubiri tu ushanga unaofuata. Sasa anauweka mkono wake juu ya ushanga, anautulizia hapo tunapolitaja jina la Yesu, ambalo Papa huyohuyo aliandika katika barua yake kuhusu Rozari kuwa ndilo kiini cha Salamu Maria, kisha anaanzisha yeye "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu", na kibanio kinahama kwenye "Amina" peke yake. Badiliko hilo dogo lilituliza chumba kizima kuliko maonyo yote tuliyokuwa tukiyatoa.

Zamu ianze kwa mdogo, kwa kuwa ndiye anayesinzia kwanza. Shanga za akiba ziwekwe kwenye chupa yenye kifuniko, juu ya kabati, na ushanga ukichanika, aliyeukunja ndiye akunje mwingine Jumapili inayofuata.